Sanusi msimwandike nusu nusu

Makala yenu inasema Sanusi alisimamishwa ugavana wa benki kuu ya Nigeria 2014 kwa matumizi mabaya, sawa, hiyo ndo sababu serikali ilitoa, lakini mbona hamjaandika kilichotangulia? Huyu bwana aliingia 2009 na miezi michache tu akawatimua mabosi wa mabenki matano kwa mpigo, mabenki yaliyokuwa yamejaa mikopo chechefu, yaani isiyolipwa. Halafu 2013 akamwandikia rais Jonathan barua kwamba hela za mafuta za NNPC, shirika la mafuta la serikali, haziingii zote serikalini, akataja dola bilioni 49.8, baadae hesabu zikapigwa upya akashuka mpaka bilioni 20 na hapo ndo serikali wakamkalia kooni eti takwimu zake zinabadilika. Mi naona mtu akipata maelezo mapya akarekebisha hesabu huo ni uungwana, na bilioni 20 si hela ndogo jamani!! Wakamsimamisha Februari 2014 akiwa Niamey, mji mkuu wa Niger, kikazi wakati muhula wake ulikuwa unaisha Juni, kweli miezi minne tu imewashinda kusubiri? Inauma sana. Na Juni hiyohiyo Kano, kaskazini mwa Nigeria, wakamtawaza emir, yaani mtawala wa jadi.