Kwa Nini Mteja wa Simu Uganda Hahami

Bei ya simu nchini Uganda ilianza kushuka pale mteja alipopata pa kuhamia. Celtel, ambayo leo ni Airtel, ilianza mwaka 1995, na simu ya mkononi ikawa ya wenye nacho. MTN ikafuata mwaka 1998, na Warid, iliyofungua huduma mwaka 2008, ikawaachia wateja wake wapigiane simu siku nzima kwa malipo ya mara moja. Kisha soko likasinyaa. Airtel iliinunua Warid mwaka 2013, Africell, iliyoichukua kampuni nyingine ya simu, Orange, ikaondoka mwaka 2021, na leo ushindani wenye uzito umebaki kati ya MTN na Airtel.

Kampuni hizo zina hoja ya kusikilizwa kuhusu bei zao. Data hutozwa ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya tozo ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, na juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kiasi kwamba katika kifurushi cha shilingi 1,000, takriban 240 ni za serikali. Nchi haina pwani, hivyo intaneti husafiri kutoka nyaya za baharini za Mombasa na Dar es Salaam. Hata vifurushi visivyokwisha muda, vilivyokuja mwaka 2021 baada ya wateja kulalamika, vinaonyesha kwamba kampuni mbili nazo husikia shinikizo.

Hata hivyo, kodi huwabana wote sawa, kwa hiyo haielezi kwa nini mteja asiyeridhika habanduki. Jibu, kwa maoni yangu, liko kwenye pesa za simu. Mfanyabiashara wa Kikuubo, eneo la maduka ya jumla jijini Kampala, anayepokea malipo, kulipa karo na kukopa kwa namba ile ile hawezi kuiacha kwa sababu ya nafuu ya shilingi mia kwenye kifurushi. Wengi hununua laini ya pili kwa ajili ya data, na hilo huziumiza kampuni kidogo, lakini namba yenye pesa hubaki ilipo. Sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2020 ilizifanya huduma hizo kuwa kampuni zinazojitegemea chini ya Benki Kuu, ila wenye mitandao bado ndio wamiliki wakubwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta kampuni ya tatu, Tume ya Mawasiliano na Benki Kuu zihakikishe kutuma pesa kwenda mtandao mwingine hakumgharimu mteja zaidi ya kutuma ndani ya mtandao wake.