"Tunamwachia Mungu" si kutoelewa

Mwaka jana nilimsindikiza mdogo wangu katika hospitali moja huku Kisumu. Alikuwa amejifungua kabla ya wakati, mtoto wa gramu 900, mrija puani, kifua kikipanda na kushuka kama cha kifaranga. Daktari alieleza kwa upole kwamba mapafu hayajakomaa na damu imevuja kwenye ubongo. Mdogo wangu akajibu, "Tunamwachia Mungu." Daktari akaandika kwenye faili kuwa mama hajaelewa hali ya mtoto, akahamia kitanda cha pili.

Alikuwa ameelewa kila neno. Tulilala benchi moja, najua. Alichokikwepa ni kuwa mama aliyetoa ruhusa mwanawe afe.

Siwalaumu madaktari kwa kuiogopa dini. Shakahola mwaka 2023 tulifukua miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa, watoto wakiwemo. Tena muuguzi anayeanza kukemea mapepo wodini humwachia mama nafasi gani ya kukataa, ikiwa mkono huohuo ndio unaoshika oksijeni? Na familia ikikataa mtoto aongezwe damu, Ibara ya 53 ya Katiba inatanguliza maslahi ya mtoto. Hapo sina ubishi.

Ila kuuliza si kuhubiri.

Kuna takwimu moja hainitoki kichwani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulipata kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 22 hufa ndani ya siku 28 za kwanza. Ule wa 2022 ukapata 21. Miaka minane, mtoto mmoja. Katika kipindi hichohicho vifo vya walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 52 hadi 41. Piga hesabu: 21 kati ya 41. Zaidi ya nusu ya tunaowazika kabla ya miaka mitano hawajamaliza hata mwezi. Mtoto wa siku nne hajabebwa mgongoni, majirani hawajamwona, pengine hata jina hana. Kinachobaki cha kuonyesha kwamba alikuja ni kile alichofanyiwa na watu wake: jina la babu, adhana sikioni, maji kwenye paji la uso. Daktari akiyahesabu hayo kuwa mambo ya nje ya wodi, anawaachia wazazi nini cha kuzungumza naye? Vipimo tu, na vipimo hawavijui.

Usiku wa tatu sista wa zamu alivuta kiti. "Mama, unamwomba Mungu akufanyie nini?" Basi, hilo tu. Mdogo wangu alikaa kimya, kisha akasema anaomba mtoto asiumie tena, na abatizwe. Sisi ni Wakatoliki, na kwetu mtoto akiwa hatarini si lazima padri afike, mtu yeyote mwenye nia hiyo anaweza kumbatiza. Sista alivuta maji safi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akadondosha matone kando ya plasta iliyoshika mrija, akitaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Hazikupita dakika tano.

Asubuhi mdogo wangu ndiye aliyemwita daktari. Alimuuliza kama wangeweza kuacha kumchoma mtoto kisigino kumpima damu kila baada ya saa chache. Daktari alifungua faili kutafuta pa kuandika, na juu kabisa bado palisomeka kwamba mama hajaelewa.