Dagaa, Omena, Mukene: Samaki Mmoja, Hesabu Nne

Leo tarehe 5. Watu wenye bahati zao wako Mwaloni Kirumba wanabishania bei ya dagaa. Mhasibu wa kampuni mama yuko ghorofani, feni inamzungushia joto lile lile, na mbele yake yamelala mafaili matano ya Ekseli: Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu na Jinja. Kazi ni kuyajumlisha yawe hesabu za kundi zima. Bosi anapita mlangoni: "Sasa jamani, kujumlisha tu ndiyo siku tisa?"

Shikamoo mzee. Ndiyo, siku tisa.

Maana kabla ya kujumlisha lazima ujue unajumlisha nini. Mwanza wameandika "Dagaa stoo". Kisumu wameandika "Omena". Jinja, "Mukene". Musoma pameandikwa "Mali 3", na ukimpigia karani umuulize Mali 3 ni kitu gani, anakwambia aliikuta. Samaki ni yule yule, wa ziwa lile lile, pengine kavuliwa usiku ule ule wa giza, lakini kwa Ekseli hao ni samaki wanne wasiojuana. Bukoba hawana dagaa hata mmoja kwenye hesabu, ila wana "Mengineyo" ya milioni 31. Jamani! Hata bajeti ya harusi haina mengineyo ya hivyo.

Kinachouma zaidi, dawa ipo. Inaitwa XBRL, kiwango cha kuandika hesabu ili kompyuta zielewane. Chanzo chake ni 1998, pale Charles Hoffman, mhasibu wa jimbo la Washington huko Marekani, alipoona kwamba kwa XML, lugha ya kuwekea data lebo, kila namba ya hesabu inaweza kubeba maelezo yake yenyewe. Toleo linalotumika hadi leo, 2.1, ni la 2003. Yaani kiwango kimekua, kimefikia umri wa kuoa, na sisi bado tunanakili seli na kubandika. Wajapani wa Wacoal, watengenezaji wa nguo za ndani, walishatumia tawi lake la leja, XBRL GL, kuunganisha mifumo yao iliyokuwa haielewani. Sidiria zimekubali. Dagaa ndio wanakataa.

Tuchukue namba moja tuigeuzegeuze kama sangara mezani kwa mpasuaji: 48,500,000. Hivyo ilivyo ni yatima. XBRL inataka ije na ukoo wake. Kwanza, ni ya kitu gani: hapa inatajwa elementi, yaani jina rasmi la kitu hicho, na kundi linaruhusiwa kuongeza yake, tuseme DagaaWakavu, chini ya Inventories (bidhaa za stoo) ya taksonomia, yaani orodha ya elementi, ya IFRS, viwango vya kimataifa vya hesabu. Ni ya kampuni ipi. Ni ya lini, na hapa akili iwe mezani, kwa sababu bidhaa ya stoo ni ya siku moja, 30 Juni basi, ila mauzo ni ya kipindi, toka tarehe hii hadi ile. Mmoja akituma mauzo ya mwezi na mwenzake akatuma ya tangu mwaka uanze, yakajumlishwa, hiyo ni togwa kwenye maziwa. Ni kwa sarafu gani: TZS, KES au UGX. Na ni sahihi hadi wapi. Elementi ni moja tu. Majina yanatundikwa pembeni, kwenye faili la lebo, kila moja na msimbo wa lugha yake: wa sw anasoma dagaa, wa luo anasoma omena, wa lg anasoma mukene. Kila mtu abaki na jina la kwao. Ugomvi ungeishia hapo kama makarani wangekuwa mashine.

Sio mashine. Faili la kwanza linakataliwa kwa sababu ya mkato. Karani ameandika 48,500,000 ilhali XML haitaki mkato ndani ya namba: 48500000, basi. Hasara ameiweka kwenye mabano, kama alivyofundishwa chuoni. Ndani ya Ekseli mabano ni nguo tu, chini yake kuna alama ya kutoa. Ukinakili yale maandishi yenyewe, mashine inaona mabano na kugoma. Namba ya mlipakodi ya Aprili imeandikwa na vistari, tarakimu tatu tatu. Ya Mei haina vistari. Kwa binadamu hiyo ni kampuni moja. Kwa kompyuta, Musoma imezaa.

Hayo ni makosa ya heri, maana yanapiga kelele. Yanayoua ni yale yanayopita kimya. Kuna sifa inaitwa decimals. Ukiandika -3 unasema namba yako ni sahihi hadi kwenye maelfu. Karani anadhani anaiambia mashine "zidisha kwa elfu", basi anaandika 48500 na -3 yake, anaenda kunywa chai. Mashine haizidishi kitu. Stoo nzima ya dagaa sasa ina thamani ya shilingi 48,500. Mama lishe wa pale kona anaweza kuinunua yote na magunia yake. Sahihi ni 48500000, na -3 ikae pembeni kama shahidi. Atakayejitetea kwamba aliona sifa ya scale, ni kweli ipo, lakini ile ni ya iXBRL, ripoti inayosomwa na watu kwenye kivinjari. Kwenye faili la kawaida haipo.

Halafu alama, mama wa majanga yote. Elementi nyingi za fedha huzaliwa na upande wake, debiti au krediti. Gharama ni debiti, kwa hiyo gharama ya milioni 40 inaandikwa 40000000, bila alama ya kutoa. Kutoa ni kazi ya faili la ujumlishaji, ambalo linaipa gharama uzito wa -1. Lakini karani mwenye bidii haiachi: anaiwekea hasi "ili ipungue vizuri". Hasi ikakutana na hasi, gharama ikageuka neema, na faida ikapanda kwa milioni 80, siyo 40. Siku hiyo bosi ana furaha, anaagizia ofisi nzima soda, na wewe ndiye mwenye taarifa mbaya. Ndiyo maana ukikuta tofauti, kwanza igawe kwa mbili na uitafute nusu yake kwenye urari, ile orodha ya salio za akaunti zote. Ikiwa inagawanyika kwa tisa, kuna aliyegeuza tarakimu, 54 ikawa 45. Mbinu hizi ni za wazee wa kalamu na daftari la mistari, na mpaka leo zinazishinda programu za kulipiwa kwa dola.

Kwa hiyo kabla ya kumsikiliza muuzaji wa programu (wana suti nzuri wale, na slaidi zinazoruka), kaa na jedwali la ulinganisho. Safu nne zinatosha: namba ya akaunti ya kule, jina lake la kule, elementi ya kundi, na tarehe ulinganisho ulipoanza. Akaunti nyingi kwenda elementi moja ni raha. Akaunti moja kwenda elementi mbili ni msiba: ile Mali 3, ikifukuliwa, inakutwa ina dagaa, chumvi na magunia matupu. Hiyo haitibiki kwa jedwali. Igawanywe huko huko Musoma, ndani ya leja. Na akaunti ikija bila elementi, faili zima lirudi lilikotoka. Usiionee huruma ukaitupia kwenye "Mengineyo". Huruma hiyo ndiyo iliyozaa ile ya Bukoba.

XBRL GL yenyewe hailazimishi mtu abadili programu yake. Kila mstari wa vocha unabeba akaunti ya kwao, elementi ya kundi, na kiasi cha sarafu ya awali, kwa hiyo mkaguzi akinyooshea kidole namba ya juu kabisa unashuka nayo hadi vocha ya Jinja bila kumbembeleza mtu kwenye simu. Mafaili yake ni manene, tusidanganyane. Vocha elfu kadhaa ndani ya XML ni sawa na kumfunga kila dagaa kwa gazeti lake. Kwa urari wa kila mwezi tu, tangu 2021 kuna xBRL-CSV: namba kwenye jedwali la kawaida, maelezo kwenye faili la JSON pembeni. Kwa watu waliozaliwa ndani ya Ekseli, hapo ndipo pa kuanzia.

Sasa kuna ugonjwa ambao kiwango hakiutibu, kinautangaza tu: madeni ya ndugu kwa ndugu, kampuni za kundi moja zikidaiana. IFRS 10 inataka yafutwe yote, kwa hiyo kila deni la ndani lazima litaje anayedaiwa ni nani. Mwanza anamdai Kisumu TZS 60,000,000. Kisumu anakiri KES 2,850,000. Kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha kufungia mwezi, tuseme TZS 20 kwa KES moja, hiyo ni TZS 57,000,000. Milioni tatu iko wapi? Iko Sirari, ndani ya lori, kwenye foleni ya mpakani. Mwanza walitoa invoisi tarehe 30, Kisumu wanasubiri mzigo ufike tarehe 2 ndipo waandike. Dawa ni Kisumu kuandika bidhaa iliyoko njiani, pamoja na deni lake. Wengi hawafanyi hivyo. Wanaisukumia ile milioni tatu kwenye tofauti ya kubadilisha fedha, na mzigo wa kundi unatoweka hesabuni huku bado unanuka lorini.

Hata madeni yakilingana, faida ya ndani bado inakungoja. Mwanza kauza kwa Kisumu mzigo wa milioni 100 uliomgharimu 80. Asilimia 30 bado iko stoo Kisumu. Basi milioni 6 ya ile faida ni hewa, itolewe, maana kujiuzia samaki wako mwenyewe si biashara. Mashine inaweza kuitoa yenyewe kama bidhaa ya stoo imetajwa ilinunuliwa kwa nani. Kama haikutajwa, kaa na kikokotoo.

Viwango vya kubadilisha fedha havina maneno mengi: mali na madeni kwa kiwango cha siku ya kufunga, mapato na gharama kwa wastani wa kipindi, tofauti ikae kwenye akiba yake ndani ya mtaji, isiguse faida. Vitoke kampuni mama, kwenye faili moja. Ukiwaachia makarani, mmoja atachukua vya benki, mwingine vya duka la kubadilishia fedha, wa tatu atamuuliza konda wa basi la Kisumu.

Saa kumi na moja jioni. Mafaili manne yamepita ukaguzi, limebaki la Musoma. Karani ameshaelekezwa: CSV, bila mkato, bila mabano, bila Mali 3. Simu inalia kidogo. "Bosi shikamoo, nimetuma."

Ametuma picha. Ya skrini, kaipiga kwa simu, na kidole gumba kimekaa juu ya jumla.