Ubaguzi Umejificha Kwenye Ratiba

Binti wa jirani yangu hapa Makorora, Tanga, yuko kidato cha tatu, shule ya serikali. Ni Msabato, na Jumamosi ndiyo siku yake ya ibada. Muhula huu mwalimu wa taaluma kapanga majaribio ya hisabati Jumamosi asubuhi. Hakuna aliyemfukuza wala kumtukania dini. Anaandikiwa sifuri tu, na jina lake hubandikwa ubaoni mkiani, pamoja na watoro.

Mimi Mwislamu, lakini hadithi hiyo naijua. Enzi zetu fizikia ilipangwa Ijumaa mchana. Ukitoka msikitini unamkuta mwalimu wa zamu getini, fimbo mkononi. Wala hakuwa mtu mbaya, maskini; yeye alikuwa na ratiba, sisi tulikuwa na adhana.

Ukisema sheria hakuna, utakuwa muongo. Katiba ya 1977, ibara ya 13, inakataza ubaguzi na dini imetajwa humo kwa jina. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani. Sheria ya Elimu ya 1978 nayo haitaki mtu anyimwe elimu kwa ajili ya dini yake. Haya si maneno matupu: shule nyingi za misheni zilitaifishwa kwa sheria ya 1969 ili zipokee watoto wa dini zote, na leo binti kuvaa hijabu darasani hapa Tanga si habari ya mtu kugeuza shingo.

Tatizo ni kwamba sheria hizi zinamtafuta mbaguzi, na kwenye jaribio la Jumamosi mbaguzi hayupo. Mtihani ni wa wote, saa ni ya wote. Ukilalamika utajibiwa, "Mbona wenzako wamefanya?"

Majirani zetu ng'ambo ya mpaka wa Horohoro walilifikisha hili mahakamani, kwa kesi ya hijabu katika shule moja ya Isiolo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikubali kwamba kanuni inayowahusu wote inaweza kumbagua mmoja. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile, tena kwa hoja ya namna madai yalivyoingizwa mahakamani. Kwa maoni yangu Rufani ndio waliokuwa wamegusa penyewe.

Kwetu, anayedai haki yake ya kikatiba imevunjwa huenda Mahakama Kuu, na shauri husikilizwa na majaji watatu. Majaji watatu kwa sifuri ya hisabati! Mzazi gani muuza samaki atathubutu? Na akithubutu, mtoto atakuwa ameshamaliza shule.

Ninachotaka ni kidogo mno: waraka wa wizara, ukurasa mmoja. Jaribio lenye alama likiangukia saa ya ibada ya mwanafunzi, apewe siku nyingine, na shule iwe na mtu wa kupokea malalamiko kwa maandishi. Vyuo vikuu vya umma viingizwe humo humo, maana huko nako mhadhara unaweza kuangukia Ijumaa saa saba. Walimu watasema mtaala haumaliziki. Ni kweli, madarasa yamefurika na wao wamechoka, lakini karatasi ya pili ya maswali kumi si mzigo wa kumvunja mtu mgongo.

Juzi baba yake tumemsaidia kuandika barua. Mkuu wa shule kaipokea vizuri, kasema itajadiliwa kwenye kikao.

Jumamosi hii kuna jiografia.