Mpiga kura aliyeambiwa kesi si yake

Tarehe 5 Aprili 2012, Mahakama Kuu ya Tanzania ilipotengua ubunge wa Godbless Lema katika Jimbo la Arusha Mjini, mabishano karibu yote niliyoyasikia yalihusu swali moja: je, maneno ya jukwaani yanatosha kumvua mtu kiti alichopewa kwa kura za maelfu ya watu? Ni swali zito na nitaligusa. Lakini kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyoamini kwamba jambo kubwa zaidi katika kesi ile liliamuliwa miezi minane baadaye, kwa sauti ya chini, na watu wakalipita kwa sababu walikuwa ama wanashangilia ama wananuna. Jambo lenyewe ni hili: nani hasa hukosewa pale kampeni inapoendeshwa kinyume cha sheria?

Nianze na yaliyotokea. Katika uchaguzi wa Oktoba 2010, Lema, mgombea wa CHADEMA, alimshinda Dk. Batilda Burian wa CCM. Wapiga kura watatu, wote wanachama wa CCM, wakafungua shauri wakidai kwamba mshindi alitumia lugha ya kashfa iliyomlenga mpinzani wake kwa jinsia yake na kwa asili yake. Madai hayo hayakuokotwa hewani. Sheria ya Taifa ya Uchaguzi iliyokuwa ikitumika, katika kifungu chake cha 108, ilisema matokeo yanaweza kubatilishwa ikiwa wakati wa kampeni mgombea, au mtu mwingine kwa niaba yake na kwa ridhaa yake, alitoa kauli za kutumia tofauti za ukabila, rangi au dini, au, pale ambapo wagombea si wa jinsia moja, kauli zenye nia ya kuitumia tofauti hiyo. Jaji Gabriel Rwakibarila aliridhika kwamba kauli za namna hiyo zilitolewa, na uchaguzi ukabatilishwa.

Tarehe 21 Desemba mwaka huohuo, Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu hiyo na Lema akarudi bungeni. Msingi wa uamuzi ulikuwa kwamba waleta maombi hawakuwa na haki kisheria ya kufungua shauri lile. Sheria ilitaja watu wanaoweza kulalamikia uchaguzi wa mbunge, akiwemo mtu aliyepiga kura au aliyekuwa na haki ya kupiga kura katika uchaguzi huo. Lakini Mahakama ilikisoma kifungu hicho kwa maana kwamba mpiga kura anaweza kwenda mahakamani pale tu haki yake mwenyewe kama mpiga kura inapokuwa imeingiliwa. Kwa kuwa aliyekashifiwa alikuwa mgombea, wapiga kura wale hawakuwa na lao.

Mimi si mwanasheria, na ninajua kwamba kanuni ya kumtaka mlalamikaji aonyeshe namna alivyoumia ina sababu zake za miaka mingi. Ugomvi wangu na hoja hiyo ni mmoja. Inauchukulia uchaguzi kana kwamba ni shindano la watu wawili, na wananchi ni watazamaji waliokaa pembeni wakisubiri kujua nani kashinda. Mgombea anaposimama jukwaani na kuwaambia watu wasimchague fulani kwa sababu ni mwanamke, au kwa sababu si wa kwao, maneno hayo yanamuumiza anayetajwa, ndiyo, lakini hayasemwi kwa ajili ya masikio yake. Yanasemwa kwa ajili ya masikio ya mpiga kura, kwa nia ya kuigeuza kura yake. Anayefanyiwa kazi pale ni yeye. Haki ya kuchagua kwa kupima sera na sifa bila kutiwa chuki moyoni ni haki ya nani, kama si yake?

Kinachonishangaza ni kwamba Mahakama hiyohiyo ya Rufani, miaka kumi kabla, ilikuwa imesimama upande wa kufungua milango. Katika kesi ya Julius Ndyanabo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, mwaka 2002, ilibatilisha sharti lililomtaka mlalamikaji wa uchaguzi aweke dhamana ya shilingi milioni 5 kabla kesi yake haijasikilizwa, kwa hoja kwamba sharti hilo liliwafungia masikini njia ya kuifikia haki. Ninaisoma hukumu ya Ndyanabo kama mojawapo ya hukumu zilizoiheshimu Katiba kuliko nyingi. Sasa pima: mwaka 2002 mtu asiye na fedha anaambiwa apite, na mwaka 2012 mtu mwenye kadi ya kupigia kura anaambiwa shauri si lake.

Kuna watakaonikumbusha kwamba wale watatu walikuwa makada, na kwamba huenda chama kilikuwa nyuma yao kikitafuta mahakamani kile kilichokosa kwenye sanduku. Hilo linawezekana kabisa, na sitajifanya kipofu. Tena wanasema tukimruhusu kila mpiga kura kushtaki, hakuna mbunge atakayelala usingizi. Jibu langu ni kwamba sheria tayari ilikuwa na vichujio vyake: muda wa kufungua shauri ulikuwa mfupi, dhamana ilibaki katika hali iliyorekebishwa ili mahakama iweze kumpunguzia asiye na uwezo, na zaidi ya yote mahakama zetu zimekuwa zikidai madai ya uchaguzi yathibitishwe pasipo kuacha shaka, kipimo kilekile cha kesi za jinai. Kesi ya hila ingeanguka kwenye ushahidi. Na hapa niseme wazi kuhusu lile swali la mitaani: kutengua uchaguzi kwa ajili ya maneno ni adhabu kubwa mno, inayowaangukia hata waliopiga kura kwa nia safi, na ningependa kuiona ikitolewa kwa nadra na kwa ushahidi mzito. Mtu anaweza kuamini hivyo na bado akakataa kumfungia mpiga kura mlango.

Tuiangalie Kigoma Mjini, kwa sababu huko ndiko hoja yangu inakopata nguvu. Baada ya uchaguzi mdogo wa 1994, Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA alikwenda mahakamani kupinga ushindi wa mgombea wa CCM, na miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa yalikuwa kazi za barabara katika kipindi cha uchaguzi na matangazo ya Radio Tanzania, ambayo yalionekana kuegemea upande mmoja. Uchaguzi ulibatilishwa, na Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyoripotiwa mwaka 1996, ikakataa kuurudisha. Ikakubali pia kwamba uchaguzi unaweza kutenguliwa kwa jambo lolote lililoufanya usiwe huru na wa haki, hata kama jambo hilo halikuorodheshwa katika sheria. Sasa, redio inayoendeshwa kwa kodi ya wananchi inapomnadi mgombea mmoja, aliyedhulumiwa ni Kabourou peke yake? Vipi msikilizaji aliyekaa na redio yake akiamini anapewa habari?

Igunga ni vivyo hivyo. Katika uchaguzi mdogo wa Oktoba 2011, Dk. Dalaly Kafumu wa CCM alimshinda Joseph Kashindye wa CHADEMA, na Agosti 2012 Mahakama Kuu ikautengua ushindi huo. Katika hoja zilizosikika kulikuwa na ahadi ya daraja la Mbutu na ugawaji wa mahindi wakati wa kampeni. Kafumu naye baadaye alirejeshewa kiti na Mahakama ya Rufani. Lakini yafikirie yale mahindi. Mtu mwenye njaa anayepewa kilo kadhaa mbele ya picha ya mgombea ndiye anayedhalilishwa kwanza, kabla ya mshindani ambaye pengine hakuwepo hata kijijini siku hiyo. Mahakama Kuu ililiona hilo mwaka 2006, ilipotamka kuwa vifungu vilivyohalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura wakati wa kampeni, vinakiuka Katiba. Na wanaoikumbuka kesi ile watakumbuka kwamba iliyoipeleka mahakamani ilikuwa ni asasi za kiraia. Hapakuwa na mgombea aliyeshindwa.

Muda nao ni tatizo, ingawa sitaki kukaa hapo. Kutoka uchaguzi wa 2010 hadi neno la mwisho la Arusha ilipita miaka miwili na zaidi, na kati ya Aprili na Desemba 2012 jimbo zima halikuwa na mbunge. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka Mahakama Kuu iamue kesi ya ubunge ndani ya miezi sita tangu ifunguliwe. Sioni sababu ya sisi kushindwa.

Ninarudi kwa Dk. Burian, kwa sababu katika kelele zote zile yeye ndiye aliyesahaulika. Si yeye aliyefungua kesi. Kama kauli za kumdhalilisha mgombea mwanamke zinaweza kulalamikiwa na mwanamke huyohuyo tu, basi tumemwambia kwamba baada ya kushindwa uchaguzi, akitaka sheria ifuate mkondo wake, akusanye fedha, atafute mawakili, na akubali yale yaliyosemwa juu yake yasomwe tena mahakamani, yaandikwe magazetini na yarudiwe vijiweni kwa miezi au miaka. Wengi watachagua kunyamaza na kuendelea na maisha yao, na siwezi kuwalaumu. Na mama aliyesimama kwenye mkutano ule na binti yake wa shule ya msingi pembeni, akasikia kila neno, kisha akaenda kupiga kura, kwa tafsiri ya mwaka 2012 hana cha kumweleza jaji.