Usiku niliohamisha Dar kuipeleka Chad

Jamani mi kozi ya astronomia nilichukua kwa sababu waliotangulia walisema ya kutelezea tu ile, unaangalia nyota unaondoka na A. Februari wiki ya mtihani inafika ndo nashtuka kuna mambo ya vipimo. Nikaazima notsi fulani za huko Ulaya, zinasema ukitaka kujua uko latitudo ngapi tafuta Polaris, ile Nyota ya Kaskazini, pima imepanda digrii ngapi kutoka upeo wa macho, jibu ndo latitudo yako. Na utaijua kwa sababu wenzake wote wanazunguka, yenyewe imetulia tuli.

Mara umeme ukakatika mtaa mzima. Nikasema hapa Mungu kanikumbuka. Tukapanda paa la hosteli mimi na rumeti, tuna protrakta ya kwenye mkebe, mrija wa soda tumeubandika na selotepu, na uzi una nati inaning'inia. Kaskazini hiyo hapo, moja tu, kali kuliko zote, iko chini chini. Saa nne nikapima, digrii 12. Saa sita, 12. Saa nane usiku Kilimia, kile kikundi cha nyota, ishazama zamani, mbu washatumaliza, yenyewe 12 haijatikisika hata kidogo, aisee nilitaka kulia kwa furaha.

Rumeti akauliza, "We, si Dar iko kusini ya ikweta?" Nikamwambia acha ubishi, sayansi ni kipimo. Akatoa simu. Digrii 12 kaskazini ni huko karibu na N'Djamena, Chad.

Bado nabishana tochi ikatumulika usoni. Mlinzi.

"Nyie vijana, mnafanya nini juu huko?"

"Shikamoo mzee, tunapima nyota."

"Marahaba." Kimya. Halafu akashusha sauti, "Basi na mimi niangalieni ya kwangu, mambo hayaendi kabisa tangu mwaka jana."

Nikaona nimfundishe kidogo, nikamwonyesha Polaris yangu. Akaangalia, akaniangalia mimi, kwa huruma kabisa. "Mjukuu wangu, ile taa ya kreni. Pale kwenye ghorofa linalojengwa, wana jenereta."

Yaani saa nne nzima nimepima kreni. Polaris yenyewe ukiwa Dar iko chini ya upeo wa macho, digrii karibu 7 huko, labda uchimbe. Na wala sio kali kihivyo, notsi zilisema ni nyota ya kawaida tu, mi nikaruka hiyo sentensi.

Asubuhi kwenye mtihani macho mekundu, nasubiri swali la Polaris nilimalize, nimejaa uchungu nayo. Halikuja. Limekuja la Kepler, sheria yake ya tatu ya mwendo wa sayari, ambayo ndo ningesoma usiku ule.

Mlinzi naye hajanielewa mpaka leo, kila nikipita getini, "Mjukuu, ile ya kwangu vipi, bado tu?"