Mfuko uliojaa mifuko: ipi ibaki, ipi itoke

Karibu kila nyumba ina mfuko mmoja ulioshiba mifuko mingine, umesokomezwa chini ya sinki au nyuma ya mlango wa jikoni. Wapo wanaouita akiba, na wapo wanaouona kuwa ni taka iliyocheleweshwa tu njiani. Pande zote mbili zina hoja, ila hoja hizo hazilingani uzito. Kinachozitenganisha ni swali moja: mfuko huu ukitumika tena, utakuepusha kununua kitu gani?

Tuanze na wanaoweka, maana wana ushahidi mzuri. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha ulinganisho wa athari za aina mbalimbali za mifuko kwa tabianchi. Ilionekana kwamba mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo athari yake ishuke chini ya ile ya mfuko mwepesi wa plastiki uliobeba mzigo mara moja tu. Lakini kama ule wa plastiki, ukitoka dukani, unavishwa ndoo ya taka, idadi hiyo inapanda hadi 327. Sababu ni nyepesi kuelewa: mfuko umefanya kazi mbili, na mfuko wa pili haukutengenezwa.

Utafiti wa mwanauchumi Rebecca Taylor, uliochapishwa mwaka 2019, unaelekea hukohuko. Aliangalia maeneo ya California yaliyopiga marufuku mifuko myepesi ya dukani. Plastiki ya mifuko hiyo ilipungua kwa tani 18,000 hivi, lakini ununuzi wa mifuko ya taka uliongezeka kwa tani 5,400 hivi, na mauzo ya ile midogo ya taka yakapanda kwa asilimia 120. Watu walianza kununua walichokuwa wakikipata bure.

Hapo wanaoweka hufurahi na kuishia. Ila takwimu hizo zina upande wa pili ambao ni vizuri wausome pia. Kwa uzito, kilichorudi kama mifuko ya kununua ni chini ya theluthi moja. Na kwa kuwa mifuko ya taka ya kununua kwa kawaida ni minene kuliko ya dukani, ukihesabu kwa idadi sehemu hiyo inazidi kupungua. Maana yake mifuko mingi iliyotoweka haikuwa ikichukua nafasi ya kitu chochote. Isitoshe, hesabu ya mwaka 2011 haikupima mfuko unaopeperushwa na upepo hadi kwenye mtaro. Ushahidi huu unatetea kwa nguvu kazi moja, kuvisha ndoo ya taka. Kazi nyingine zote zinabidi zijitetee zenyewe.

Hata hiyo ya ndoo ina masharti. Finya mfuko kwenye kiganja. Ukichakacha kama majani makavu, ni ule mwembamba mgumu, wenye uzito wa gramu chache tu. Unavumilia mvutano, lakini mfupa au ukingo wa kopo ukishautoboa, tundu huchanika na kuendelea. Ukiwa laini, mzito na kimya, ni aina nyingine inayonyumbuka kabla ya kuchanika. Huo ni bora uurudishe dukani kubebea mizigo, maana kuujaza taka ni kuupoteza mapema.

Mfuko mwembamba mara nyingi huvuja chini, kwenye mshono uliobanwa kwa joto, hasa pale kwenye pembe ambako plastiki imekunjwa tabaka nne na joto halikushika sawasawa. Upime kabla ya kuuvisha: ujaze hewa, usokote mdomo, ubonyeze taratibu karibu na shavu. Tundu usiloliona kwa macho utalisikia likipuliza. Kwa taka mbichi weka miwili, wa ndani ukiwa umezungushwa robo mzunguko ili pembe za mishono zisikutane, na tandika karatasi moja ya gazeti chini inyonye maji. Usiujaze zaidi ya robo tatu, la sivyo vishikio havitafika kufungana, na mfuko usiofungika ndio unaomwagika ngazini.

Kwenye chakula, nipo upande wa wanaokataa. Mfuko wa dukani umetengenezwa kubeba vitu vilivyofungwa tayari. Haukukusudiwa kukaa siku nzima ukigusana na chakula kitupu. Wino wake uko nje, na anayeugeuza ndani nje ili kuficha maandishi anauleta wino huo moja kwa moja kwenye mkate. Chakula cha moto ni kibaya zaidi, kwani mafuta yanayotoka jikoni yanaweza kuwa na joto la kutosha kuulegeza au hata kuuyeyusha. Na mfuko uliobeba nyama mbichi au samaki hausafishiki kwa kufuta tu, kwa sababu unyevu hubaki kwenye mikunjo ya pembe, na ukiuchanganya na wenzake unawaambukiza wote. Huo uende kwenye ndoo siku hiyohiyo.

Kazi ndogondogo za nyumbani zinatofautiana sana. Brashi ya rangi ya maji ikizungushiwa mfuko, hewa ikakamuliwa na shina likafungwa kwa mpira, itabaki laini hadi kesho yake, nawe hujapoteza rangi wala maji ya kuisuuzia. Kipando kilichokatwa karibuni kinashika mizizi vizuri chini ya mfuko unaopitisha mwanga, mradi vijiti viwili viuinue usiguse majani na chungu kikae mbali na jua kali. Viatu vichafu ndani ya sanduku la safari, sawa kabisa. Lakini mkoba wa ngozi au viatu vya ngozi vikifungiwa humo miezi mingi, unyevu hunaswa na ukungu huota. Hapo karatasi ni bora.

Kuna pia wanaokata mifuko kuwa uzi wa kufuma mikeka na vikapu. Hukata vishikio na mshono wa chini, hukunja bomba linalobaki, hulikata pete za upana wa sentimita 5, kisha huunganisha pete kwa kuzipitisha moja ndani ya nyingine. Kazi hiyo naiheshimu. Mkeka mmoja humeza mamia ya mifuko. Tatizo lake ni jua. Mkeka ukianikwa nje msimu mzima huanza kupukutika, na hapo kilichokuwa mifuko unayoweza kuikamata kwa mkono kinakuwa vumbi la plastiki. Utumike ndani.

Hoja kubwa ya wanaokataa ni kwamba mifuko huingia nyumbani kwa kasi kuliko inavyotoka. Ni kweli, na ndiyo maana akiba isiyo na kikomo si akiba. Weka idadi kulingana na ndoo: ikibadilishwa mara tatu kwa wiki, mifuko 12 inatosha mwezi, na 24 inatosha miwili. Zaidi ya hapo, kitakachosaidia ni kukataa mfuko unapopewa, wala si kutafuta kabati kubwa zaidi.

Ikunje ili uweze kuihesabu. Laza mfuko mezani, ukunje kwa urefu mara mbili upate ukanda wa vidole vinne hivi, sugua kwa kiganja kutoka chini kwenda kwenye vishikio. Leta kona ya chini ikutane na ukingo wa pili, upate pembetatu, endelea kuikunja juu kwa juu, kisha chomeka vishikio ndani. Ukianzia kwenye vishikio hewa inanaswa na pembetatu hufumuka. Pembetatu 24 hukaa kwenye kopo moja. Kopo liwe na mfuniko, liwe mbali na jiko la moto, na liwe juu ambako mtoto hafiki. Usivishe godoro wala mto wa mtoto kwa mifuko hii; ikimganda puani na mdomoni inamziba pumzi. Hata unayoitupa, ipige fundo katikati kwanza.

Kagua kopo kila baada ya miezi michache. Baadhi ya mifuko imewekewa kemikali za kuifanya ivunjike mapema, na huoza hata gizani: siku moja unaushika unabaki na vipande mkononi. Usivifagie vikavu, vitaruka. Vikusanye kwa kitambaa chenye unyevu, uvitie ndani ya mfuko mzima, uufunge, uutoe pamoja na taka za leo.